Kuwafundisha Watoto Sehemu: Kutoka Karatasi hadi Kioo cha Kishikwambi

Mwulize mtoto wa Darasa la Tatu ni ipi kubwa zaidi, 1/3 au 1/4. Wengi watajibu upesi kwamba ni 1/4, na ukiwauliza sababu watakuambia kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Jibu hilo si la ujinga. Tangu mtoto aanze kuhesabu, kila namba aliyokutana nayo imetii kanuni hiyo: inayofuata ni kubwa kuliko inayotangulia. Leo mwalimu anamwandikia tarakimu zile zile, anaziweka moja juu ya nyingine, kisha anamtaka aamini kinyume. Hata hivyo mtoto huyo huyo, akiwa nyumbani na ndugu zake wawili, chapati moja ikitaka kugawanywa kwa watatu kisha akatokea mgeni wa nne, hahitaji kufundishwa na mtu kwamba fungu lake limepungua. Huona mara moja, na pengine atanung'unika.

Kwa hiyo katika somo la sehemu hatuanzi na mtu asiyejua kitu. Kazi yetu ni kuyaunganisha yale ambayo macho na mikono yake yanayajua na zile alama mbili zilizotengwa kwa mstari. Katika miaka hii wanachuo wengi wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha hutuuliza kama vile vitendo vya hisabati vinavyopatikana kwenye intaneti, ambavyo mtoto hugusa na kuburuta vipande kwa kidole, vyaweza kuifanya kazi hiyo. Jibu letu ni kwamba vyaweza, lakini kwa masharti mawili. Kwanza, mtoto awe amekwisha kukunja na kukata kwa mikono yake mwenyewe kabla hajakigusa kioo. Pili, kila mara akisie kabla ya kugusa. Makala haya yaeleza kwa nini twayashikilia masharti hayo, na namna ya kuyatimiza katika darasa ambamo kishikwambi ni kimoja na watoto ni themanini.

Tuanze na lugha, kwa kuwa ndiyo zana ambayo kila mwalimu anayo hata pale ambapo umeme haupo. Mtoto wa Kiswahili huja shuleni na majina ya sehemu mdomoni. Hutumwa dukani kununua robo kilo ya sukari au nusu kilo ya unga. Husikia saa mbili na robo na saa tatu kasorobo; na neno kasorobo lina hesabu ya kutoa ndani yake, maana ni saa kamili iliyopungukiwa robo. Mama akinunua doti ya kanga, kila upande ni nusu ya doti. Wazee waliopima nafaka kwa pishi walijua kwamba pishi ni vibaba vinne, hivyo kibaba ni robo yake, na kisaga, yaani vibaba viwili, ni nusu yake. Nyuma ya nusu na robo yapo majina mengine yaliyotoka katika Kiarabu ambayo vijana wengi hawayatumii siku hizi: theluthi, humusi, sudusi, thumni. Mwalimu atakayeyafufua darasani hatapoteza wakati wake, kwa sababu jina moja humfanya mtoto aione 1/3 kuwa kitu kimoja chenye ukubwa wake, wala si namba mbili zilizopandana.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi kusikia 1/5 ikisomwa "moja juu ya tano." Msomo huo wamwambia mtoto mahali tarakimu zilipokaa, basi. "Moja ya tano" yamwambia kwamba kitu kiligawanywa mara tano naye amepewa fungu moja. Asili, ile namba ya chini, hutaja ni mafungu ya namna gani. Kiasi, ile ya juu, huhesabu tunayo mangapi. Lakini lugha ya mitaani nayo ina mtego wake. Nusu yaweza kuwa kipande chochote, na mtoto humwambia mwenziwe, "Nipe ile nusu kubwa." Msimcheke. Mwulizeni kama nusu mbili za andazi moja zaweza kushindana kwa ukubwa, mwache darasa libishane. Hapo somo limekwisha kuanza.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Jerome Bruner, alieleza njia tatu ambazo mtu huzitumia kujiwekea maarifa akilini: vitendo, picha na alama. Kitabu chake hicho kingali kinasomwa katika vyuo vya ualimu, lakini darasani twaruka kutoka chapati hadi alama kwa siku moja. Vitendo vya kwenye kioo ni vya ngazi ya katikati. Ni picha, ila ni picha inayotii kidole. Hapo ndipo ubora wake ulipo, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mwalimu aliye na haraka hudhani kwamba kugusa kioo ni sawa na kugusa kitu.

Tazameni tofauti. Gaweni vipande virefu vya karatasi, vilivyokatwa katika daftari zilizokwisha, kila mtoto cha kwake, vyote vya urefu mmoja. Wakunje mara moja kwa kulinganisha ncha kwa ncha: nusu. Wakunje tena: robo. Tena: thumni. Kila mara wafungue na kuhesabu. Hadi hapo kazi ni rahisi, nao hufurahi kuona mikunjo ikiongezeka na vyumba vikipungua ukubwa. Sasa waambieni wakunje karatasi mpya iwe na mafungu matatu yaliyo sawa. Darasa litachemka. Wengine watakunja nusu kisha nusu ya upande mmoja, wapate vipande vitatu, viwili vidogo na kimoja kikubwa, na watainua mikono kwa ushindi. Mwalimu asikimbilie kusahihisha. Aseme tu, "Kateni kwenye mikunjo, mpange kipande juu ya kipande." Kipande kikubwa kitajitokeza chenyewe. Twakumbuka mtoto mmoja aliyekata mara nne, akiharibu karatasi nne, kabla hajagundua kuviringisha karatasi kama mkeka na kuibana taratibu mpaka mizunguko mitatu ilingane. Dakika kumi na tano zilikwenda kwa theluthi moja, nasi hatuoni kwamba zilipotea.

Kwenye kioo jambo hilo halitokei kabisa. Mtoto huongeza asili kutoka 2 hadi 3, na duara hukatika lenyewe katika mafungu matatu yasiyokosea hata kwa unywele. Swali la usawa halimfikii, kwa kuwa mashine imelijibu kabla hajaliuliza. Kwa mtoto aliyekwisha kupigana na karatasi, kukatika huko ni nafuu: anajua ni kazi gani aliyosaidiwa. Kwa yule ambaye hajapigana, ni mazingaombwe.

Tulijifunza hilo kwa kuona aibu. Katika shule moja tuliyoitembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu alikuwa amewapa watoto mchezo wa sehemu kwenye kishikwambi. Mchezo ulitaja sehemu, mtoto akaunda umbo linalolingana nayo, na kwa kila jibu sahihi akapewa nyota. Msichana mmoja alimaliza hatua zote upesi kuliko wenzake. Tulifurahi, tukaandika sifa katika daftari la ukaguzi. Wakati wa mapumziko tukampa kamba ya katani yenye urefu wa mkono wake na kumwomba atukatie robo tatu. Aliikunja mara tatu, akakata, akatupa kipande kimoja. Tulipomwuliza alivyoshinda kwenye mchezo alitujibu bila kuficha: kipande kisipofaa kinarudi, basi unajaribu kingine mpaka kikae. Alikuwa amejifunza tabia ya mchezo, na kwa hilo alikuwa hodari kweli. Kosa lilikuwa letu, tuliozitazama nyota tusimtazame mtoto.

Ndiyo maana twawataka wanachuo waandike katika andalio la somo, mbele ya kila mguso, maneno matatu: kisia, eleza, gusa. Mtoto akisie kwa sauti au kwa mchoro kitakachotokea. Aeleze kwa nini. Ndipo kidole kiguse. Mashine ikimpinga, anayo dhana yake mkononi ya kuirekebisha. Mashine ikimwunga mkono, anajua ni kwa sababu gani. Pasipo kisio, jibu la kioo huanguka mahali patupu.

Sasa tueleze kazi yenyewe kwa mfano mmoja. Chuo Kikuu cha Colorado, katika mji wa Boulder huko Marekani, kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mradi ulianza na fizikia, kisha ukaingia katika hisabati ya watoto. Vitendo vyake hutolewa bila malipo, na baadhi yake vimetafsiriwa kwa Kiswahili. Katika kile cha kuanzia sehemu, mtoto huona umbo, ambalo laweza kuwa duara, mstatili, chombo cha maji, keki au mstari wa namba, na kando yake sehemu iliyoandikwa kwa tarakimu. Akibadili kiasi au asili, umbo hubadilika pale pale. Akiburuta kipande na kukiweka ndani ya umbo, tarakimu hubadilika. Picha na alama zimefungwa pamoja, hakuna kinachosogea peke yake. Hilo ubao na chaki haviwezi kulifanya, kwa maana ubaoni lazima ufute, uchore upya, na mtoto awe amekwisha kusahau kilichokuwapo.

Chukueni duara lenye 3/4. Mwalimu akishike kishikwambi bila kukigusa, aulize: "Nikiibadili asili kutoka 4 kwenda 6, nisiiguse namba ya juu, rangi itaongezeka au itapungua?" Watoto wapige kura kwa mikono. Wengi watasema itaongezeka, kwa kuwa 6 ni kubwa. Mmoja aitwe aeleze, na mmoja wa upande wa pili naye aeleze, kila mmoja akiwa na kipande chake cha karatasi kilichokunjwa mkononi kuwa ushahidi. Kisha mwalimu aguse, hatua kwa hatua: 3/5, kisha 3/6. Vipande ni vitatu vile vile, lakini vimekonda. Mara nyingi hapo mtoto mmoja hupaza sauti, "Imekuwa nusu!" Somo la sehemu zilizo sawa kwa thamani, ambalo mwalimu alikuwa amelipangia juma lijalo, limejileta lenyewe. Alipokee. Aulize, "Ni sehemu gani nyingine iliyo nusu?" na asiguse mpaka 4/8 na 2/4 zitajwe.

Kazi ya pili tunayoipenda ni 5/4. Kwa chapati moja mtoto atakuambia haiwezekani: umekata vipande vinne, cha tano kitatoka wapi? Ana haki. Picha ya chapati moja, ikitumiwa peke yake miezi mitatu, humfundisha kwamba sehemu ni lazima iwe pungufu ya moja. Kwenye kioo mwalimu huongeza idadi ya vizima viwe viwili. Duara la pili, tupu, hutokea kando ya la kwanza, likiwa limekatwa kwa robo kama mwenzake. Mwache mtoto akiburute kipande cha tano mwenyewe.

Darasa la watoto themanini halitakizunguka kishikwambi kimoja, na baada ya vile vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022 kugawiwa walimu wa Tanzania, mara nyingi hicho cha mwalimu ndicho pekee kilichopo. Tumeona njia mbili zikifaa. Njia ya kwanza ni vikundi kumi vya watoto wanane: kikundi kimoja huwa na kishikwambi pamoja na mwalimu, vingine hukunja karatasi, hupima maji kwa chupa au huchora visio vyao, kisha wanapokezana kwa siku mbili au tatu. Njia ya pili, palipo na projekta, ni darasa zima kutazama na mtoto mmoja kugusa kwa amri ya wenzake. Hii ya pili hupendeza wakaguzi. Sisi twapendelea ya kwanza, kwa kuwa mtoto wa nyuma hawezi kujificha kati ya wanane.

Liko jambo moja ambalo kioo hakilifundishi hata kidogo, nalo ni kizima. Wazee wa pwani waliiita sarafu ya senti hamsini thumuni. Neno hilo maana yake ni moja ya nane. Senti hamsini ni nusu ya shilingi. Imekuwaje nusu ikaitwa moja ya nane? Kwa sababu jina lilitolewa wakati kizima kilikuwa riale ya fedha, iliyohesabiwa kuwa sawa na shilingi nne. Riale ilipoondoka, shilingi ikawa ndiyo kizima, lakini jina lilibaki likikumbuka kizima cha zamani. Sehemu haina ukubwa mpaka ujue ni ya kitu gani. Kwenye kioo maduara yote hutolewa yakiwa na ukubwa mmoja, hivyo mtoto hudhani nusu ni nusu popote. Waleteeni mikate miwili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, muulize kama robo ya huu yaweza kuizidi nusu ya ule. Wapime. Kisha muwaulize mtoto anayepewa nusu ya mia mbili na yule anayepewa robo ya elfu moja, ni nani mwenye fedha nyingi.

Kutoka kwenye maumbo twende kwenye mstari wa namba, tena mapema kuliko tulivyozoea. Katika mtihani wa taifa wa kupima maendeleo uliofanywa Marekani mwaka 1978, vijana wa miaka 13 waliombwa kukadiria jumla ya 12/13 na 7/8 kwa kuchagua 1, 2, 19 au 21. Kila moja ya sehemu hizo inakaribia moja, kwa hiyo jumla inakaribia 2. Waliochagua 2 walikuwa 24 tu kwa kila 100; zaidi ya nusu walichagua 19 au 21, yaani walijumlisha zile za juu au zile za chini. Vijana hao walikuwa wamefundishwa kanuni za kujumlisha kwa miaka. Hawakuwahi kuziona 12/13 na 7/8 zikiwa zimekaa mahali pao kwenye mstari, karibu kabisa na 1. Na gharama haiishii kwenye sura hiyo ya kitabu: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 na Robert Siegler na wenzake, kwa takwimu za Marekani na Uingereza, ulionyesha kwamba maarifa ya sehemu na ya kugawanya aliyo nayo mtoto wa miaka 10 hutabiri hisabati yake ya sekondari hata baada ya akili na hali ya nyumbani kwake kuzingatiwa.

Fungeni kamba ukutani, mwandike 0 upande mmoja na 2 upande wa pili, 1 katikati. Watoto watundike kadi za 1/2, 3/4, 5/4, 2/2. Baada ya kubishana, kitendo cha mstari wa namba kwenye kishikwambi kitumike kuwa mwamuzi.

Kuhusu mambo ya vifaa tuseme machache. Msitegemee intaneti ya siku ya somo. Vitendo vya PhET vya sasa vyaweza kupakuliwa mapema na kutumika pasipo mtandao. Fanyeni hivyo mkiwa mjini, kisha mkizime kishikwambi na kukiwasha tena kuhakikisha kwamba vinafunguka. Msifunge andalio lenu kwa programu moja. Michezo mingi ya hisabati iliyoandikwa kwa Flash ilikoma kufanya kazi baada ya watengenezaji wake kuacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na walimu walioijenga kazi yao yote juu yake walibaki na maandalio yasiyo na somo. Andikeni swali kwanza, kifaa baadaye.

Mwisho wa juma, kioo kikiwa kimefungwa, mpeni kila mtoto karatasi tupu isiyo na umbo lolote. Mwambieni achore 2/3 ya kitu anachokipenda, na chini yake aandike kitu hicho ni nini na kimegawanywa kwa nani. Someni michoro hiyo nyumbani bila kutoa alama. Asiyegawanya sawa arudishwe kwenye karatasi na mkasi. Aliyegawanya sawa lakini hakutaja kizima arudishwe kwenye mikate miwili. Mvulana mmoja alituchorea shamba la mihogo lenye matuta sita, akatia kivuli matuta manne, akaandika: "Haya ni ya bibi, mawili ya nguruwe mwitu." Hatukuwa tumemfundisha bado kwamba 4/6 ni sawa na 2/3.